Fedha Zako Ziko kwa Nani

Mjukuu wangu, ujumbe wako nimeusoma, na ule wa pili wa kunihimiza nijibu upesi nao nimeusoma. Wataka kuchukua mkopo kwenye sacco yenu, ununue hisa kabla bei haijapanda, na umeniuliza kama wakati huu ni mzuri. Swali hilo nimeulizwa na babako, na ami zako, na vijana wa msikitini ambao leo wana mvi. Sina jibu lake. Anayekwambia analo, mtazame mkononi, utaona ana kitu anachokuuzia.

Mimi nakuuliza jingine. Ukishalipa, fedha zako zimekwenda kwa nani, na anazifanyia nini?

Wengi hawalijui hata hili dogo: ukinunua hisa sokoni Nairobi, kampuni haipati kitu. Fedha zinakwenda kwa mtu aliyekuuzia. Kampuni ilikwisha pata mtaji wake siku ilipotoa hisa mpya, na pengine hata siku hisa zake zilipoingia sokoni mara ya kwanza haikupata kitu. Wakumbuka habari za Safaricom, mwaka 2008? Wewe ulikuwa mdogo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vurugu za uchaguzi, na watu wakapanga foleni kwenye mabenki na kwa madalali kununua hisa kwa shilingi 5. Ziliuzwa hisa bilioni 10, robo ya kampuni nzima. Muuzaji alikuwa serikali, kwa hiyo fedha zile zikaingia Hazina. Safaricom yenyewe iliamka siku ya pili na mitambo ileile, wateja walewale, na huduma ya M-Pesa iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei.

Wako waliokopa benki ili wanunue. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo kwa mbali, wakapewa sehemu ndogo ya walichoomba na salio likachelewa kurudi, huku riba ya mkopo mzima ikihesabiwa. Mwaka uliofuata hisa ile ikashuka chini ya shilingi 3. Mwenye deni akauza kwa hasara kwa sababu benki haingoji. Jirani yake aliyenunua kwa fedha asizozihitaji karibuni aliziacha palepale. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita shilingi 40, na miaka miwili baadaye ilikuwa imerudi chini ya 15. Kampuni ni moja, mnara ni uleule pale juu ya paa. Jirani hakumshinda mwenye deni kwa akili. Alikuwa na muda tu.

Hebu tufanye hesabu yako. Umesema shilingi 200,000, kwa riba ya 12 kwa mia kwa mwaka. Tuchukulie hisa zako zinatoa gawio la 6 kwa mia, ambalo si baya. Utapata 12,000, serikali ikate 5 kwa mia ya kodi, ubaki na 11,400. Riba ya mwaka mzima, kama deni halijapungua, ni 24,000. Na sacco itakata mshahara wako mwezi ujao, hali gawio huja mara moja au mbili kwa mwaka, tena wakurugenzi wakipenda. Gawio si haki yako kama mshahara. Kampuni ikiona ina kazi bora ya kuifanyia faida yake, au ikiwa haina faida, hulipwi, na huna wa kumshitaki.

Hapo ndipo nataka utulie kidogo, maana vijana mnaangalia bei na hamwangalii kampuni. Kampuni hupata fedha kwa njia tatu: kuuza hisa, kukopa, au kubakisha faida yake. Zote zina gharama. Hata ile faida iliyobakishwa ina gharama, kwa kuwa wewe mwenye hisa ungeweza kulipwa ukaiweka kwenye dhamana za serikali. Kwa hiyo kila mradi wa kampuni una mtihani mmoja: je, utarudisha zaidi ya gharama ya fedha zilizoujenga? Ukikopa kwa 14 ukajenga kitu kinacholeta 9, umejitengenezea umaskini, hata kama waziri alikuja kukata utepe.

Tazama Mumias. Kiwanda kikubwa cha sukari, kiliingia soko la hisa mwaka 2001, watu wakala gawio. Kikajenga mtambo wa umeme wa kuchoma makapi ya miwa, kisha kiwanda cha ethanoli. Kwenye karatasi ni mawazo mazuri sana, nami siwacheki wenye mawazo. Lakini mitambo yote ile ilikula kitu kimoja, muwa, na miwa ikaadimika. Viwanda vingine vikawa vinagombania shamba lilelile, sukari ya bei rahisi ikaingia kutoka nje, na mkulima asiyelipwa kwa wakati akapeleka miwa yake kwa mwingine. Deni la kiwanda halikujua lolote katika hayo, tarehe yake ilikuwa ileile. Mwaka 2019 benki ya KCB, iliyokuwa ikikidai kiwanda, ikaweka mrasimu wa kushika mali yake, na hisa zikasimamishwa kuuzwa. Mali ya kampuni ikigawanywa, mkopeshaji mwenye rehani yuko mbele, mwenye hisa yuko nyuma kabisa ya mstari.

Basi ukishika kitabu cha hesabu za mwaka, ruka picha za mwenyekiti. Ruka hata faida kwanza. Faida yaweza kuwa mauzo ambayo bado hayajalipwa. Nenda ukurasa wa mtiririko wa fedha, uone kama biashara yenyewe inaingiza fedha taslimu, au gawio linalipwa kwa mkopo. Kampuni inayokopa ili ilipe gawio inakula mbegu. Halafu soma maelezo ya madeni, mwaka gani yanadaiwa. Halafu maneno ya mkaguzi. Kazi hiyo inachosha, najua, na ndiyo maana wengi huuliza babu zao.

Wale wanaokuahidi 10 kwa mia kila mwezi wasikuchukulie muda. Hesabu tu: shilingi 100,000, faida ikiachwa humo izidi kuzaa, ingepita 300,000 ndani ya mwaka. Biashara gani ya halali inafanya hivyo, na kwa nini wakuhitaji wewe?

Ushauri wangu ni huu, na hautakufurahisha. Mkopo uache. Weka kwanza akiba ya miezi kadhaa ya matumizi mahali unapoweza kuitoa bila kumbembeleza mtu. Kisha nunua kidogo kidogo kwa fedha zako, kampuni kadhaa za biashara tofauti, na ada za dalali uzihesabu kabla. Kama riba inakukera moyoni, kama inavyonikera mimi, dhamana za serikali ziache na umuulize sheikh wako juu ya sukuk, hati za uwekezaji zisizo za riba, na juu ya hisa za kampuni gani zinafaa. Hilo halina aibu sokoni.

Jambo la mwisho ni la daftari. Andika namba ya akaunti yako ya CDS inakowekwa hisa zako, jina la dalali, na benki inakoingia gawio, kisha umwoneshe mkeo. Kuna marehemu wengi ambao gawio lao lilikaa bila mwenyewe hadi likapelekwa UFAA, mamlaka inayotunza fedha zisizodaiwa, na watoto wao hawajui kwamba baba alikuwa na hisa. Yangu yameandikwa kwenye kile kitabu cha jalada jekundu, kabatini kwa nyanyako. Ukija Idi, kipige picha.