Umbali na Udhuru

Je, umbali hupimwa kwa ardhi au kwa saa? Swali hili laweza kudhaniwa ni la somo la jiografia tu. Lakini ndani yake limo swali la maadili: je, wajibu wetu kwa jamaa hupungua kwa kadiri wanavyokaa mbali nasi?

Tuutazame mji wa London, Uingereza, na miji ya Australia. Mwaka 1919 ndugu wawili, Ross na Keith Smith, pamoja na mafundi wao wawili, waliruka kutoka Uingereza hadi Darwin kwa muda usiotimia siku 28. Mwaka 1947 shirika la Qantas lilianza kuwachukua abiria kwa ndege zake lenyewe kutoka Sydney hadi London. Ndege ilitua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Kairo na Tripoli, na safari nzima ilichukua yapata siku nne. Wasafiri wengi wa zama zile walipanda meli, wakakaa baharini wiki tano au sita. Mwezi Machi 2018 ilianzishwa safari ya Perth hadi London pasipo kutua njiani: yapata kilometa 14,500 kwa saa 17.

Ardhi haikupungua hata shubiri moja. Kilichopungua ni udhuru. Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyehamia Australia enzi za meli hakulaumiwa kwa kukosa maziko ya mzazi wake, maana maiti haingoji wiki sita. Lakini leo mwenye nauli na nafasi akisema "ni mbali", neno hilo halipimi tena njia, bali laupima moyo wake. Kwa maoni yetu, uwezo ukiongezeka, wajibu nao huongezeka.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Saa hizo 17 ni za mwenye nauli. Kwa asiye nayo, London ingali palepale ilipokuwa. Tena, mwezi Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Australia ilifunga mipaka yake, na hadi mwishoni mwa 2021 watu wengi walizuiwa kwenda kuwaona wazazi wao. Ndege zilikuwapo, na kilometa zilikuwa zilezile; kilichokosekana ni ruhusa.

Basi, kabla ya kumlaumu aliye ng'ambo, yatupasa kwanza tuulize kama kweli aliweza kuja. Kisha tujiulize sisi wenyewe, ambao nyumba ya mgonjwa ni mwendo wa nusu saa tu kwa miguu: tangu alipolazwa kitandani, tumekwenda kumjulia hali mara ngapi?