Bastola chini ya suruali
Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba raia ana haki ya kutembea na bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda. Sawa, haki ipo. Mimi kinachonisumbua ni neno "usalama".

Chukua bastola inayofungwa kwenye kifundo cha mguu. Kuibeba salama kunataka mfuko mgumu unaofunika triga yote, mkanda wa kuishika isidondoke ukikimbia, na suruali pana kidogo. Ila kuichomoa lazima uiname au upige goti, upandishe suruali, ufungue mkanda. Ndiyo maana polisi wanaoiweka huko mara nyingi huifanya ya pili, ya akiba. Raia mwenye hiyo moja tu, akivamiwa ghafla, anampigia goti mvamizi wake!

Sasa huyu anabeba nini hasa? Nadhani anabeba utulivu wa moyo. Siudharau, hofu ni hofu. Lakini sehemu ya gharama ya utulivu huo tunailipa sisi tulioketi naye meza moja, na hatukuulizwa. Mwenye bastola kiunoni, nje nje, namwona. Nikitaka nahama kiti. Huyu wa mguuni kashaniamulia. Kuna atakayesema, kama hujui hata hofu huna. Kweli, hofu sina, ila hatari ninayo ileile.

Angenidokeza kabla chai haijaja, pengine ningebaki. Ningebaki kwa hiari yangu.