Zege Bovu Halifunikwi

Mafundisho ya Kwaresima. Masomo: Ezekieli 13:10-16, Mathayo 5:23-24



Kwaresima imetufikia tena, na sisi wakaaji wa pwani twajua ya kuwa siku hizi arobaini hutukuta katika joto la kaskazi, na nyuma yake yaja masika. Ni majira ya mtu kuitazama nyumba yake: paa, mifereji, msingi na sakafu. Asiyeitazama sasa, mvua itamwonyesha.

Wengi wenu mmeona kifusi uani kwa kanisa, mkauliza, "Mbona sakafu inavunjwa? Si ingepigwa lipu juu, ikapendeza kwa Pasaka, na fedha zikabaki?" Swali hili ni la haki, kwa kuwa fedha ni sadaka zenu. Twapenda kulijibu, na katika kulijibu tutajifunza neno juu ya roho zetu.

Nabii Ezekieli aliwakemea manabii wa siku zake kwa sababu watu walijenga ukuta dhaifu, nao wakaja wakaupaka chokaa. Hawakuuimarisha, waliupendezesha. Waliwaambia watu kuna amani, na amani haikuwapo. Ndipo Bwana akasema kwamba mvua kubwa itakuja, na mawe ya barafu, na upepo wa dhoruba, na ukuta utaanguka hata msingi wake uonekane. Angalieni, ndugu: mvua haikuuharibu ukuta uliokuwa mzima. Mvua ilifunua tu ubovu uliokuwamo.

Sasa tuitazame sakafu yetu. Zege la pwani lina maadui watatu: jua, maji na chumvi. Mchana jua hulitanua, usiku hulegea na kusinyaa, na kwa miaka mingi nyufa ndogo hutokea. Maji ya mvua yasipopata njia ya kutiririka hutuama, yakaingia katika nyufa hizo. Lakini adui mkubwa ni chumvi, ile iletwayo na upepo wa bahari, au iliyoingizwa na mjenzi mwenyewe alipotumia mchanga wa ufukweni usiooshwa. Zege zima huilinda nondo iliyo ndani yake isishike kutu. Chumvi ikipenya mpaka kwenye nondo, ulinzi ule huvunjika na kutu huanza. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, mara mbili na hata zaidi. Kwa hiyo huvimba, ikasukuma, na zege likapasuka kutoka ndani.

Hili ndilo jambo ambalo wapitao hawalioni. Hudhani ufa umeanzia juu, nao ulianzia chini zamani. Mtu akipiga lipu mpya juu ya ufa wa namna hiyo, kutu haikomi. Inaendelea na kazi yake gizani, na masika ya pili lipu inabanduka vipande vipande.

Je, si ndivyo ilivyo katika mioyo na katika nyumba zetu? Ugomvi uonekanao leo juu ya maneno machache kisimani au katika kwaya, mara nyingi haukuanza leo. Mizizi yake ni neno la miaka kumi iliyopita ambalo halikusemwa likaisha. Nasi wazee, kwa kupenda utulivu, hukimbilia kusema: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hii ni njema mahali pake. Lakini yafaa tuulize: ikiwa yaliyopita yangali yakioza chini, hayo yajayo tutayaganga juu ya nini?

Sisi tuliozeeka katika kazi ya ualimu hatuachi kupanga somo kwa hatua. Basi tuzitazame kazi nne za fundi anayetengeneza sakafu ya zege, na katika kila moja tujiulize habari zetu.

Kazi ya kwanza ni kugonga. Fundi huchukua nyundo ndogo, akatembea polepole akigonga huku na huku na kusikiliza. Zege zima hulia kwa sauti kavu, kama jiwe. Zege lililoachana na sehemu ya chini hulia tupu, kama debe. Akipata sauti hiyo huweka alama ya chaki. Hagongi ili kuvunja, hugonga ili kujua. Hii ndiyo kazi ya Kwaresima: kukaa kimya mbele za Mungu, kulisoma Neno lake, na kumwacha agonge. Tena fundi hutia alama mahali pabaya tu, hapiti akitangaza kijijini. Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 18:15 ya kwamba ndugu akikukosea, mwendee ninyi wawili peke yenu. Nyundo ya Kristo si ngoma ya kumwaibisha mtu.

Kazi ya pili ni kuchimba. Kwa tindo na nyundo, zege lililolegea huondolewa lote mpaka afike penye uzima. Nondo yenye kutu huzungukwa, ikasuguliwa kwa brashi ya waya hata chuma safi kionekane, na ile iliyoliwa sana hukatwa ikawekwa nyingine. Vumbi lote hufagiwa na kuoshwa. Hapo ndipo watazamaji hunung'unika, kwa maana ua huonekana mbaya kuliko ulivyokuwa kabla ya matengenezo. Ndugu, toba ya kweli nayo hupitia siku kama hizo. Mtu anapoanza kusema kweli, nyumba huonekana imechafuka. Msikate tamaa. Wala msisahau jambo hili la faraja: fundi mwema habomoi sakafu yote. Palipo pazima anapaacha, na juu ya uzima huo ndipo anapojenga. Mungu naye haji kutuangamiza. Huondoa kilicholegea, akakitunza alichokipanda yeye mwenyewe tangu ubatizo wetu.

Kazi ya tatu ni kuunganisha. Zege jipya halishiki juu ya zege kavu lenye vumbi, kwa kuwa zege la kale lenye kiu hunyonya maji ya zege jipya na kulidhoofisha. Kwa hiyo fundi huilowesha sakafu ya zamani tangu jana yake, akaondoa maji yaliyotuama, kisha akapaka uji wa saruji, na kabla uji haujakauka akaweka tabaka jipya juu yake: saruji sehemu moja kwa mchanga safi wa mtoni sehemu tatu. Unene wake usiwe kama ganda la yai. Inchi moja na nusu yafaa. Naye huangalia kwa pimamaji kwamba sakafu inashuka kama sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mtaroni, maji yasipate mahali pa kulala tena. Hivyo aliyesamehewa na aliyesamehe hawana budi wote wawili kulainika kwanza. Msamaha unaotupwa juu ya moyo mkavu hubanduka. Tena ile sababu ya ugomvi ipewe mtaro wake. Kama ni mpaka wa shamba, upimwe. Kama ni deni, liandikwe na lilipwe.

Kazi ya nne ndiyo inayosahauliwa na wengi, nayo ni kumwagilia. Watu wengi hudhani zege hupata nguvu kwa kukauka. Sivyo. Zege hupata nguvu kwa saruji kuungana na maji, na likikaushwa mapema na jua na upepo wetu, hubaki dhaifu na kupasuka juu. Kwa hiyo fundi hufanya kazi yake jua linapopungua, akafunika sakafu kwa magunia yaliyolowa, na kumwagilia asubuhi na jioni kwa muda wa siku 7 au zaidi. Hesabu ya nguvu zake mafundi huifanya siku ya 28. Hakuna njia ya mkato. Nasi vivyo hivyo: watu waliopatana leo wasiachwe peke yao juani. Waombewe, watembelewe, wale pamoja, hata mapatano yao yapate nguvu za kubeba uzito.

Kanisa letu la Kianglikana lina mfano wake katika Afrika Mashariki. Pale Mkunazini, Unguja, lipo Kanisa Kuu la Kristo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko hilo. Askofu Edward Steere aliusimamia ujenzi, na paa lake la kuba likajengwa kwa saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa. Kwa mapokeo, madhabahu imesimama pale ulipokuwapo mti wa kuwachapia watumwa. Wangeweza kutafuta kiwanja kingine kisicho na machozi. Walichagua penye jeraha lenyewe, na hapo ndipo Mwili na Damu ya Bwana hutolewa. Na leo nje ya kanisa lile ziko sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, kila apitaye azione. Hata jengo lile, kwa hewa ya chumvi na mvua za miaka mingi, lilihitaji matengenezo makubwa katika miaka ya 2010. Kuhitaji matengenezo si aibu kwa nyumba ya Mungu.

Basi tuseme wazi kinachotusumbua. Katika mitaa yetu wamo ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana tangu baba alipozikwa, kwa ajili ya minazi michache na kiwanja. Jumapili mmoja hukaa upande wa kusini, mwingine upande wa kaskazini. Amani inapotangazwa, hupeana mikono kwa kuwa watu wanatazama, kisha huenda wote kupiga magoti kwenye meza moja. Huo ndio mkono wa lipu. Bwana wetu katika Mathayo 5 hakusema sadaka iletwe kwanza na mapatano yafuate. Alisema iachwe mbele ya madhabahu, mtu aende akapatane na ndugu yake, ndipo arudi aitoe. Yeye alijua ya kuwa mvua inakuja. Na mvua ya nyumba hiyo ni siku mmoja wa ndugu hao atakapolala kitandani asiweze tena kusema, na mwenzake aje mbio na neno lake mkononi, asipate wa kumpa.

Kwa hiyo twawaomba, kabla ya Pasaka, kila mmoja agonge sakafu yake. Ukisikia mlio tupu, usiite lipu. Mwendee ndugu yako. Ukishindwa peke yako, mchukue mzee mmoja mwenye busara, au mwendee Padre. Neno la kwanza laweza kuwa fupi: "Ndugu yangu, nimekuja tuzungumze habari ya shamba la baba."

Tuombe. Ee Bwana Mungu, wewe uujuaye moyo hata chini ya nyufa zake, utupe ujasiri wa kusikia sauti ya nyundo yako. Uondoe kilichooza, ukihifadhi kilicho kizima, utuunganishe katika Mwanao Yesu Kristo, aliye msingi wetu wa pekee. Utunyeshee neema yako siku kwa siku, hata tuweze kubebana. Kwa ajili yake yeye aishiye na kutawala pamoja nawe na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.