Kura ya Mkulima na Kalamu ya Waziri

Anayekuuzia mazao akikosea, utamfanya nini? Wakulima wa magharibi mwa Kanada waliishi na swali hilo kwa miongo mingi. Bodi ya Ngano ya Kanada iliundwa mwaka 1935, na kuanzia 1943 sheria iliwabana wauze ngano yao kupitia kwake tu. Mkulima akifikisha mzigo ghalani alipewa malipo ya awali. Kilichobaki alikingoja hadi bodi iuze mavuno ya wote, itoe gharama zake na kugawa salio. Mpango wa namna hiyo unadai imani kubwa, kwa kuwa ngano yako imekwisha kuchanganywa na ya jirani na kupakiwa melini, na hutajua kamwe kama ingepata zaidi ikiuzwa peke yake.

Kwa hiyo badiliko la 1998 halikuwa dogo. Bodi iliyokuwa ikiongozwa na makamishna wa kuteuliwa ilipata wakurugenzi 15: wakulima wa kanda 10 walichagua 10, na serikali ikateua watano, mtendaji mkuu akiwa mmoja wao. Kura zilikwenda kwa posta, nusu ya kanda kila baada ya miaka miwili, na mpiga kura aliwapanga wagombea kwa namba, kuanzia anayempenda zaidi. Mwenye shamba dogo na mwenye maelfu ya ekari walihesabiwa sawa.

Serikali ilibaki na viti vyake kwa kuwa ndiyo iliyodhamini malipo ya awali. Ni hoja ya haki, maana atakayebeba hasara lazima aruhusiwe kuuliza. Ila haki ya kukagua hesabu haizai haki ya kumnyamazisha mwenye mali. Mwaka 2006 serikali ya waziri mkuu Stephen Harper, iliyotaka wakulima wauze watakako, iliiamuru bodi isitumie fedha kuutetea mfumo wake. Desemba mtendaji mkuu, Adrian Measner, akaondolewa. Wakulima walikuwa na kura, lakini kalamu ya kumfuta kazi ilikuwa kwa waziri.

Mwaka uliofuata wakulima waliulizwa kuhusu shayiri, ambayo nayo iliuzwa kupitia bodi. Asilimia 37.8 walitaka bodi iendelee kuwa muuzaji pekee, asilimia 48.4 walitaka kila mtu achague kati ya bodi na wanunuzi wengine, na asilimia 13.8 walitaka bodi ijitoe kabisa. Serikali ikajumlisha mafungu mawili ya mwisho na kutangaza asilimia 62. Hesabu ni sahihi, maana yake si sahihi. Aliyechagua jibu la pili alitaka bodi iwepo, wa tatu hakuitaka. Na bodi isiyo na maghala yake ingewezaje kushindana na kampuni zenye maghala? Aliyeandika swali alikuwa amekwisha kuamua jinsi majibu yatakavyosomwa.

Lakini siwezi kuupita upande wa pili. Mwaka 2002 wakulima kadhaa wa Alberta walifungwa jela. Walikuwa wamevusha nafaka yao kwenda Marekani bila kibali, kisha wakakataa kulipa faini. Mmoja wao alikuwa mkurugenzi wa bodi, aliyechaguliwa na wakulima wenzake. Wengi wana haki gani juu ya ngano ya mtu mmoja? Naona wanayo pale tu ambapo nguvu ya kuuza pamoja huvunjika mmoja akijitoa, na huyo mmoja ana njia ya wazi ya kuwashinda wengi. Uchaguzi ulimpa njia hiyo. Mtu aliyefungwa kwa kuipinga bodi aliweza kukaa kwenye meza yake.

Mwaka 2011 njia hiyo ilizibwa. Kifungu cha 47.1 cha sheria ya bodi kilitaka wakulima wapige kura kabla nafaka haijaondolewa mikononi mwake. Waziri wa Kilimo, Gerry Ritz, hakuiitisha kura hiyo. Bodi ikaendesha kura yake, na asilimia 62 wakautetea mfumo kwa ngano na asilimia 51 kwa shayiri. Serikali ikajibu kwamba imeshinda uchaguzi mkuu. Kweli ilishinda, hata katika majimbo mengi ya wakulima hao. Ila anayemchagua mbunge anaamua juu ya kodi, hospitali na mengine mengi kwa alama moja. Hawezi kuchomoa ngano humo na kuisemea peke yake. Desemba Mahakama ya Shirikisho ilisema waziri amekiuka sheria, na mwezi huohuo muswada ukapita. Wakurugenzi waliochaguliwa wakaondoka, watano wa serikali wakabaki. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikampa waziri ushindi, na Agosti ukiritimba ukakoma.

Mwaka 2015 asilimia 50.1 ya iliyokuwa bodi ilikwenda kwa ubia wa kampuni ya kimataifa ya nafaka iitwayo Bunge na kampuni ya uwekezaji wa kilimo ya Saudi Arabia. Sehemu iliyobaki iliwekwa katika mfuko wa amana kwa ajili ya wakulima walioipelekea kampuni hiyo mpya nafaka. Fungu la mkulima humo lilikua kwa tani alizopeleka.