Kilio cha Karibu na Kimya cha Mbali

Je, mtu aliyeaminiwa siri ya uhai wa mwingine ana haki ya kuitoa ili amwokoe ampendaye? Wengi hulijibu swali hili upesi kwa kuwa halijawafika. Opera ya Tosca, iliyotungwa na Giacomo Puccini wa Italia na kuonyeshwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1900, hutulazimisha kulijibu polepole. Opera ni mchezo ambao wachezaji wake huimba maneno yao badala ya kuyasema.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1800. Angelotti, mfungwa wa siasa, ametoroka ngomeni. Mchoraji Cavaradossi anamficha katika kisima cha bustani yake. Scarpia, mkuu wa polisi, anamkamata mchoraji na kuamuru ateswe mpaka aseme. Cavaradossi hasemi. Lakini chumba cha pili yumo Tosca, mwimbaji ampendaye, naye asikia kila kilio. Mwishowe Tosca anasema mtoro alipo.

Tarehe 11 na 12 Julai, 1992, mchezo huu ulichezwa Roma mahali pale pale panapotajwa katika kisa, na kwa saa zile zile: adhuhuri katika kanisa la Sant'Andrea della Valle, usiku katika jumba la Farnese, alfajiri juu ya ngome ya Sant'Angelo. Catherine Malfitano alikuwa Tosca, Plácido Domingo mchoraji, na Ruggero Raimondi Scarpia. Kamera ziliupeleka mchezo papo hapo katika televisheni za nchi nyingi, na filamu yake imebaki. Aitazamaye huona jambo lisahaulikalo upesi jukwaani: toka adhuhuri ile hadi alfajiri ile haikutimia hata siku moja. Tosca hakupewa nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo lawama ya kwanza ni ya Scarpia. Amhukumuye Tosca bila ya kumtaja mtesaji hulaumu jeraha akausahau mkuki. Lakini je, lawama ikiisha kwa Scarpia, Tosca hana neno la kujibu?

Yamkini msomaji atasema kuwa alimwokoa mtu. La, hakumwokoa. Scarpia alipokwisha kuipata siri, aliamuru mchoraji auawe, kisha akataka heshima ya Tosca iwe fidia yake. Aliahidi kuwa bunduki zitapigwa bila ya risasi. Tosca alimwua kwa kisu. Lakini kulipopambazuka risasi zilikuwa za kweli, na Cavaradossi akafa. Angelotti alikuwa amekwisha kujiua ili asikamatwe. Tosca naye alijitupa kutoka juu ya ngome.

Hata hivyo, tusipime tendo kwa hasara iliyolifuata tu. Hata kama Cavaradossi angalipona, Angelotti angalikuwa amelipa bei ambayo hakuulizwa. Uhai ule haukuwa mali ya Tosca hata autoe. Cavaradossi mwenyewe, aliyeumizwa mwilini, alighadhibika alipojua kuwa siri imetoka.

Tosca alikosa kwa pendo. Kilio cha mpenzi kilimfikia masikioni. Angelotti alikuwa kimya kisimani, na kimya hakiumizi sikio. Hili ndilo jaribu letu sote. Amlilie nani mtu, aliye karibu anayepiga kelele, au aliye mbali asiyejua kuwa anauzwa?

Vijana, huenda msifikwe na jaribu la ngome na bunduki. Lakini kila siku hugawanywa kitu na mmoja hayupo. Kila siku husemwa neno juu ya mtu asiyeweza kujitetea. Amwekeaye asiyekuwapo fungu lake, na kulinda jina lake, hujifunza kusikia kimya. Moyo hautengenezwi usiku wa jaribu. Usiku ule hutumika ule uliotengenezwa kabla.