Jiwe la Kusagia na Kompyuta ya Usharika

Kompyuta ya usharika wetu ilikufa Jumamosi jioni, katika juma la pili la Kwaresima, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Nilikuwa katibu wa usharika, na mimi ndiye niliyeiacha kwenye chaja. Haikutoa moshi wala harufu. Ilizima tu, na haikuwaka tena.

Ndani yake mlikuwa na kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1987 hadi 2004. Nasema kitabu kwa sababu kiliwahi kuwa kitabu, daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo mchwa walilifikia kwenye kabati la ofisi kabla sisi hatujawafikia wao. Mwinjilisti na kijana mmoja wa kwaya walikaa majuma matatu wakinakili majina yaliyosomeka, kisha mabaki tukayachoma. Nakala nyingine hatukuweka. Hilo ni kosa langu na nimeshalikiri mbele ya baraza la wazee, ila nalitaja ili msomaji asidhani nimeandika haya nimtwike mtu mwingine mzigo wote.

Jumatatu niliibeba hadi Kariakoo, kwa fundi aliyetuhudumia tangu kompyuta yetu ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa nene na nzito, mtoto hawezi kuibeba. Fundi aliiongezea ramu mara mbili, yaani ile kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Aliibadilishia diski, akaibadilishia betri, na mara moja feni. Alikuwa akiipindua, anafungua skrubu kwa bisibisi, anachomoa kibovu, anachomeka kizima, anatudai hela ya kipande na ya chai. Iliishi nasi miaka tisa. Hatukuiacha kwa sababu imekufa. Tuliiacha kwa sababu tulipata nyembamba, na nyembamba ilipendeza mezani siku ya sikukuu ya kwaya. Fedha zake zilitoka kwenye mnada wa mavuno: trei za mayai, mikungu ya ndizi, na jogoo mmoja aliyenunuliwa mara nne na kila aliyemnunua akamrudisha anadiwe upya.

"Mzee wangu, hapa hakuna cha kuchomoa," fundi aliniambia, akanigeuzia bodi chini ya taa. Ramu ilikuwa vipande vyeusi vidogo, vimelehemiwa kwenye bodi yenyewe. Diski, ambayo ndiyo iliyobeba majina yetu, nayo ilikuwa vipande vya namna hiyo, vimelehemiwa jirani. Betri ilikuwa imegundishwa. Hata hivyo alihangaika nayo siku tatu. Alipima njia za umeme moja baada ya nyingine, akapuliza hewa ya moto, akabadilisha kijipande kidogo kama punje ya mtama. Siku ya nne alinieleza kwa upole, kama daktari anavyowaeleza ndugu wa mgonjwa. Umeme ulikuwa umefika hadi kwenye prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine. Hata kama angeving'oa vile vipande vya diski vikiwa vizima, maandishi ya humo yamefungwa kwa ufunguo, na ufunguo umo ndani ya prosesa iliyokufa. Hakuchukua hata shilingi. Hilo liliniuma kuliko kama angechukua.

Nilikwenda pia kwenye duka lenye kibali cha kiwanda. Jibu lao lilikuwa fupi: hubadilishwa bodi nzima, kwa bei inayokaribia ya kompyuta mpya, na vilivyokuwamo havirudi. Kijana wa kaunta aliniuliza kwa adabu kama ningependa kuiacha pale ikatupwe.

Nilirudi kwa daladala nikiwa nimeipakata, kama jina lake lilivyo, kompyuta mpakato. Nikajiuliza: siku ile tulipotoa fedha za mayai na ndizi, tulinunua nini hasa?

Mwishoni mwa sura ya 13 ya Samweli wa Kwanza kuna habari ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Wafilisti walikuwa wamehakikisha kwamba katika nchi yote ya Israeli hamna mhunzi hata mmoja, ili Waebrania wasijifulie silaha. Wahunzi wakiisha kuondoka, mambo ya kawaida ya shambani nayo yaliharibika. Mtu akitaka kunoa plau yake, au shoka, au mundu, ilimpasa kuteremka kwa Wafilisti na kulipa, na bei yenyewe imetajwa. Hebu tulitazame shoka lile. Lilikuwa la Mwisraeli. Alilinunua, alilitumia, alilala nalo ndani ya nyumba yake. Lilipokuwa butu ndipo alipojua mwenye shoka ni nani. Mwandishi hasemi kwamba Wafilisti waliiba shoka la mtu. Hawakuwa na haja. Na siku ya vita ilipofika, katika jeshi lote ni Sauli na Yonathani tu waliokuwa na upanga na mkuki.

Najua hatari ya kulichukua andiko na kulivika nguo za leo. Wenye viwanda vya kompyuta si Wafilisti, na haki ni haki hata kwa mtu aliyekutia hasara. Kadiri ramu inavyokaa karibu na prosesa ndivyo kazi inavyokwenda upesi na kwa umeme mdogo, na ndiyo sababu mojawapo ya betri za siku hizi kudumu mchana kutwa. Soketi inataka nafasi. Ile ramu ya umeme mdogo, ambayo ni jamaa ya ile ya simu, kwa miaka mingi ililehemiwa kwa sababu soketi iliyoifaa haikuwapo. Apple ilipotoa MacBook Pro ya kioo cha Retina mwaka 2012, yenye ramu iliyolehemiwa na betri iliyogundishwa, hakuna aliyelazimishwa kuinunua, watu waliipenda. Hata Framework, kampuni ya Marekani iliyojipatia jina kwa kompyuta zinazofunguka na kutengenezeka, mwaka 2025 ilitangaza kompyuta ya mezani yenye ramu iliyolehemiwa, ikaeleza wazi kwamba kwa prosesa ile haikupata njia nyingine. Na ule ufunguo uliotufungia majina yetu ndio unaomzuia mwizi asisome barua za watu.

Lakini sababu njema ya kitu kimoja haigeuki kuwa sababu ya kila kitu. Diski haihitaji ukaribu huo. Kompyuta nyingi mpaka leo zina diski inayoshikwa na skrubu moja, na zinakwenda kasi bila shida. Betri nayo huchakaa kwa maumbile yake, kama tairi, na kuigundisha ndani ni kama kuchomelea matairi kwenye gari. Tena mwezi Desemba 2023 JEDEC, chombo ambamo viwanda hupatana juu ya vipimo, kilitoa kanuni ya ramu ya namna mpya inayofungwa kwa skrubu, na mwaka 2024 Lenovo ikatoa ThinkPad inayoitumia, ikiwa ni ramu ileile ya umeme mdogo. Jambo tulilokuwa tukiambiwa haliwezekani lilikuwa linasubiri mtu wa kulitaka. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021, sheria inataka kompyuta mpakato iuzwe ikiwa na alama inayoonyesha, kati ya kumi, inatengenezeka kwa kiasi gani. Mnunuzi anaisoma alama hiyo pembeni ya bei. Sisi tulisoma bei tu.

Kwa hiyo swali langu limehama kwenye lehemu. Nauliza hivi: aliyebuni kitu hiki, alipojua kwamba siku moja kitaharibika, alipanga nani abebe hasara?

Torati inalijua swali hilo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mkopeshaji anakatazwa kuchukua rehani jiwe la kusagia, la chini au hata la juu peke yake. Rehani yenyewe haikukatazwa. Mistari michache mbele inaeleza jinsi ya kuichukua kwa heshima, bila kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Ila jiwe la kusagia limetengwa, na sababu iliyotolewa ni nzito: anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Sokoni jiwe lile halikuwa na thamani kubwa. Na ukichukua la juu umemwachia mwenzako la chini, tena ndilo kubwa zaidi. Lakini nyumba ile haitasaga usiku huo. Torati ilitazama jiwe ikamwona mtu anayekula kwalo.

Katika usharika wetu kuna mama anayelea wajukuu watatu kwa cherehani ya Singer aliyorithi kwa mama yake. Kila kinachochakaa ndani yake hupatikana, na fundi anayeishughulikia anakaa chini ya mwembe. Mjukuu wake mkubwa anachapa barua na maombi ya kazi za watu kwa kompyuta mpakato. Wote wawili wanasaga. Mwanafunzi anayeandika utafiti wake wa chuo anasaga. Anayewauzia chombo na kubaki na uwezo wa kukitengeneza mkononi mwake hajawanyang'anya chombo. Amechukua jiwe la juu.

Nilijifunza pia lehemu yenyewe ni nini, jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulipoizuia risasi kwenye vifaa vya umeme kwa ajili ya afya za watu, lehemu nyingi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95, pamoja na madini ya fedha na shaba kidogo. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 217 hivi. Na sehemu ya bati la dunia hutoka kwa majirani zetu wa Kongo. Kule Bisie, Walikale, Kivu Kaskazini, ambako leo kuna mgodi wa mashine, miaka ya 2000 mawe ya bati yalichimbwa kwa mikono, na wapagazi wakayabeba mgongoni kupitia msituni, huku wenye bunduki wakitoza ushuru. Wengi wao wanasema Kiswahili hiki ninachoandika. Bati likifika kiwandani huchanganywa, la huku na la kule, na jina la aliyelibeba hupotea. Nilipoambiwa niiache kompyuta ikatupwe sikuwa najua haya. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62 katika mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Yeremia ana sura mbili zinazofuatana. Katika ya 18 chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye anaufinyanga upya udongo uleule. Katika ya 19 nabii anavunja gudulia lililokwisha kuchomwa, na kuvunjika kwake ni ishara ya kitu kisichoweza kutengenezwa tena. Kwa nabii, maneno hayo ni ya hukumu, tena hukumu ya kutetemesha, baada ya maonyo mengi. Sisi tumeyafanya kuwa sifa ya bidhaa, inayotoka dukani na dhamana ya mwaka mmoja.

Nilipoyasema haya kwenye baraza, mzee mmoja alinikatiza. "Katibu, usitufanyie dhambi kitu ambacho ni bei tu. Maskini ananunua kilichopo." Alisema kweli, na sina jibu kamili. Mjane aliyepewa kompyuta nyembamba na mwanawe aliye ng'ambo hana la kutubu. Lakini sisi hatukuwa maskini kiasi hicho siku ile. Tulikuwa na kompyuta nzima, na fundi, na tukawaacha wote wawili kwa ajili ya wembamba. Mchungaji alitaka jambo la kupigiwa kura, si mahubiri. Nikapendekeza tununue iliyotumika, achague fundi, na sharti la kwanza liwe kwamba inafunguka kwa bisibisi na diski yake inachomoka. Walioafiki walikuwa watano, waliokataa wanne. Ni nene, na betri yake haimalizi ibada mbili. Wale wanne hunikumbusha kila Jumapili.

Bodi iliyokufa iko kwa fundi. Aliniomba nimwachie, maana vipo vipande pembeni ambavyo bado ni vizima, na iko siku atakuja mwenye kuvihitaji.

Tangu Pasaka tunaweka meza ukumbini baada ya ibada. Tumetangaza kwamba aliyebatizwa kwetu kati ya 1987 na 2004 alete cheti chake. Wanakuja. Bibi mmoja alileta vyeti vya watoto wake sita, amevifunga kwenye kipande cha khanga. Mtu aliyehamia Mbeya alituma picha ya cheti kwa simu, kona moja imeliwa na panya. Wasio na vyeti wanakuja na wasimamizi wao wa ubatizo, nao wanakumbuka kwa njia zao: mwaka wa mvua za El Niño, mwaka kengele ilipopasuka. Mwinjilisti anaandika kwenye daftari, kisha ndipo mimi nachapa. Mwaka 1991 una majina mawili tu mpaka sasa, na yote mawili ni ya nyumba moja.