Khofu, Ghadhabu na Hiari

Mwenye kughadhibika akampiga mwenziwe husikika akisema, mambo yakisha tulia, kwamba damu ilimpanda na hiari ikamtoka. Na maadamu elimu ya mwili imekwisha kutufunulia mengi ya huko kupanda kwa damu, yatupasa tuupime udhuru huu kwa insafu kabla ya kuukubali au kuukataa.

Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali, na katikati yake zimo seli zilizojaa vijifuko vya adrenalini. Mtu ashtukapo, mishipa ya fahamu itokayo katika uti wa mgongo huzimwagia seli hizo asetilikolini. Milango ya kalisiamu hufunguka, na kalisiamu iingiayo hushikwa na protini iitwayo sinaptotagimini, ambayo pamoja na wenzake huvigandamanisha vijifuko na utando wa seli hata adrenalini ikamwagika damuni. Yote haya hupita upesi mno, nia haijapata kukaa moyoni, na hapo mwenye udhuru ana hoja ya haki.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Adrenalini iliyokwisha toka huvigusa vipokezi vya seli ile ile iliyoitoa, navyo huziamsha protini za namna ya G, ambazo kipande chake kimoja huibana milango ya kalisiamu, utoaji ukapungua. Sisemi, hasha, kuwa protini ina dhamiri. Nasema kwamba adhaniaye maumbile ni mfuriko usio na kiasi hakuyasoma maumbile.

Na liko lililo zito kuliko hilo. Tabibu Gregorio Marañón wa Uhispania alitangaza mwaka 1924 habari za watu aliowadunga adrenalini: wengi walieleza mapigo ya moyo na mtetemo tu, na baadhi wakasema ni kana kwamba wanaogopa, ilhali hawakuona cha kuogopwa. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba khofu ina elimu, ina hali, ina amali, na kwamba hali huzaliwa na elimu. Sindano ilileta mfano wa hali, elimu haikuwamo.

Kwa hiyo simlaumu mwenye ghadhabu kwa moyo uliomwenda mbio. Namuuliza alimdhania nini mwenziwe kabla ya siku ile, kwa kuwa dhana hiyo ndiyo iliyougeuza mshtuko kuwa uadui, naye aliilea kwa hiari yake, katika saa nyingi ambazo tezi zake zilikuwa zimetulia.